BUKAMA, MLANGO WA MTO
Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini wa Mashamba, siku ya Jubilei ya Parokia



Kamati ya Jubilei iliniomba niseme neno juu ya mji mdogo wa Bukama, ulio kando ya mto Lualaba. Labda mmoja wenu anajiuliza: Mashamba na Bukama, wapi na wapi? Sisi ni watu wa machimbo, wao ni watu wa samaki. Nitajibu kwa mambo mawili. Kwanza, maji ni mamoja. Mto uliozuiwa pale Nzilo tangu miaka ya 1950 ili utupe umeme, ndio huohuo unaoshuka katika mabonde membamba ya mawe mpaka kutulia Bukama. Pili, wengi kati ya wazazi wetu walipita Bukama kabla ya kufika hapa. Naye asiyeujua mlango alioingilia, hawezi kusema vizuri juu ya nyumba anamokaa.

1. Mto na watu wake

Bukama ni mahali ambapo Lualaba unaanza kubeba masua. Juu yake kuna maporomoko. Chini yake, kwa zaidi ya kilometa 600 mpaka Kongolo, maji yanakubali kupitwa. Mto unaingia katika bonde la Upemba, nchi ya maziwa na mafunjo. Katika ziwa Kisale wavuvi hujenga vibanda vyao juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea.

Watu walikaa bondeni humo tangu zamani sana. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba mahali paitwapo Sanga, kando ya Kisale, na kazi hiyo ikaendelea katika miaka ya 1970. Waliona makaburi yaliyopita umri wa miaka elfu moja, yenye vyungu vizuri na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya karne zilizofuata waliona pia misalaba midogo ya shaba, iliyolazwa pamoja na marehemu. Tusijidanganye: haikuwa misalaba ya Kikristu. Ilikuwa mali, ndiyo fedha ya watu wale. Lakini bonde la Upemba halina machimbo ya shaba. Shaba ile ilitoka katika milima ya upande wetu. Basi, karne nyingi kabla Mzungu hajafika, shaba ilikuwa ikishuka mtoni, na samaki wakavu walikuwa wakipanda. Mvuvi na mfua shaba walijuana.

2. Hadisi ya mvushaji

Nkambo wangu, mzaliwa wa kando ya mto, alitusimulia hadisi ambayo Waluba wote wanaijua, kila mzee kwa namna yake.

Zamani alitawala Nkongolo, mtu mwekundu, mwenye nguvu na mkali, ambaye jina lake ni jina la upinde wa mvua. Siku moja akaja mgeni kutoka upande wa mashariki, mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, ambaye hakula mbele ya watu. Mbidi akamwoa dada wa Nkongolo, kisha akarudi kwao. Mtoto aliyezaliwa ndiye Kalala Ilunga. Kijana alipokua na kusifiwa, mjomba wake akamwonea wivu. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje acheze ngoma. Lakini mpiga ngoma akamwonya kwa mlio wa ngoma, na Kalala Ilunga akaruka, akakimbia mpaka mtoni.

Hapo nkambo alikuwa akishusha sauti. Wengine husema mto ule ni Lomami. Yeye alisema Lualaba, maana ndio aliokunywa. Mvushaji akamwona kijana amechoka, jasho linamtoka. Hakumwuliza, "Wewe ni wa nani?" Akasema, "Ingia." Akamvusha. Nyuma akafika Nkongolo na jeshi lake, na mvushaji hakumvusha. Nkongolo akaamuru watu wake watupe mawe majini wajenge njia, mto ukawashinda. Baadaye Kalala Ilunga akarudi na watu wa baba yake, akamshinda Nkongolo, akawa Mulopwe, mfalme.

Nkambo alimaliza daima kwa maneno haya: "Angalieni, wanangu. Mwenye jeshi alishindwa na mwenye mtumbwi. Na ufalme wetu wenyewe ulizaliwa na mgeni."

3. Njia ya treni

Nyakati za Wabelgiji, njia ya treni ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910; nayo ikafika Bukama mwaka 1918, ili mizigo ipakiwe katika masua. Kwa miaka kumi Bukama ikawa mwisho wa treni na mwanzo wa maji: mji wa makuli, wavuvi, makarani na wapita njia. Mwaka 1928 njia ikavuka mto, ikaenda mpaka Ilebo katika Kasai. Mwaka 1931 tawi la Tenke likapita hapa Kolwezi, likafika Dilolo, na kutoka huko mpaka bahari ya Angola.

Kwa daraja lile walipita maelfu ya vijana kutoka Lomami na Kasai, walioitwa kwa kazi ya Union Minière, ambayo kazi zake zilichukuliwa na Gécamines tangu mwaka 1967. Walikuja na sanduku la bati, mkeka na kipande cha karatasi. Walichimba shaba hiihii iliyokuwa fedha ya wazee wa Kisale. Wakaoa, wakazaa, wakapanda miembe, wakafyatua matofali. Walipofika, hatukuwauliza walikotoka. Tuliwauliza kama wameleta samaki.

4. Treni iliyorudi

Sasa nafika mahali pagumu, na ninawaomba mnivumilie.

Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Walilala kwenye vituo vya treni kwa majuma mengi, katika mvua, wakingojea mabehewa. Wengi walikufa, hasa watoto. Waliobaki hai walirudishwa kwa njia ileile waliyoijia baba zao: Tenke, Bukama, Kamina. Wakavuka daraja la Lualaba kwa mara ya pili, migongo yao ikiielekea nchi walikozaliwa.

Mimi nilikuwa na jirani. Mama wa nyumba ile alikuwa mama wa ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Siku walipobeba vitu vyao kwenda kituoni, nilibaki ndani, mlango umefungwa. Sikumtukana mtu, sikumpiga mtu, sikuvunja nyumba ya mtu. Nilinyamaza tu, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba kunyamaza si dhambi. Leo ninafikiri juu ya mvushaji. Kama yeye naye angekaa ndani ya kibanda chake siku ile, Kalala Ilunga angekufa pwani, na hadisi isingekuwako.

5. Ombi langu

Zamani Waluba walikuwa na kibao kiitwacho lukasa, chenye shanga na alama. Wenye elimu ya chama cha Mbudye walipitisha kidole juu ya shanga na kukumbuka wafalme, njia na vijiji. Sisi pia tunayo lukasa yetu: ni vitabu vya ubatizo vya parokia. Katika kutayarisha Jubilei hii nilipewa ruhusa ya kuvifungua. Nikaliona jina la mtoto wangu, na kando yake jina la yule mama, kwa wino uleule, kwa mkono uleule. Kitabu hakikuandika "mwenyeji" wala "mgeni".

Katika Agano la Kale, mwaka wa Jubilei ulikuwa mwaka wa kila mtu kurudishiwa kilicho chake. Mashamba yaliyouzwa yalirudi, na waliotawanyika walirudi kwa watu wao. Nyumba zilizouzwa kwa hofu, pengine hatuwezi kuzirudisha. Majina tunaweza. Ninaomba, kwa idhini ya Baba Paroko, majina ya familia zilizoondoka yasomwe katika Misa kila mwaka siku ya ukumbusho huu. Wazee waliozijua familia hizo waketi na vijana, wayaandike yote wanayoyakumbuka, kabla kaburi halijawanyamazisha. Nao waliorudi, ambao wamo katika mabenchi haya, wasiitwe tena wageni.

Lualaba haurudi nyuma, lakini mvushaji huenda na kurudi, na hiyo ndiyo kazi yake. Mungu atujalie kuwa watu wa kuvusha wenzetu.