Vijana Wanajua: Mhadhara wa Umma Kuhusu Elimu ya Afya, Noonkopir



Kwa desturi mhadhara wa kwanza wa profesa hutolewa chuoni, mbele ya majoho. Niliomba huu ufanyike huku, hatua chache kutoka Barabara ya Namanga, kwa sababu vijana ninaowaandika hawaji chuoni kunisikiliza.

Nitaanzia Mwanza. Kati ya 1999 na 2002, watafiti wa Tanzania, pamoja na shirika la AMREF na wenzao wa London, waliendesha mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura: nusu zikapata mradi, nusu zikabaki za kulinganishwa. Walimu wa darasa la tano hadi la saba walifunzwa. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumpokea kijana bila kumkaripia. Kondomu ziligawanywa na vijana wenyewe vijijini. Kazi ilifanywa kwa bidii, nami nawaheshimu walioifanya. Watafiti waliporudi 2007 na 2008 kuwapima vijana zaidi ya 13,000, walikuta mengi waliyofundishwa bado wanayakumbuka. Damu, hata hivyo, ilisema mengine. Maambukizi ya VVU na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakutofautiana kati ya jamii zilizopata mradi na zile ambazo hazikupata.

Matokeo hayo yamenisumbua kwa miaka mingi. Sisi wa fani hii tumezoea kupima kinga kama mtihani wa darasani: kijana ataje njia tatu za maambukizi, ataje njia tatu za kujikinga. Akizitaja, ripoti inaandikwa kwamba mradi umefaulu, na mfadhili anafurahi. Kijana wa Mwanza alifaulu mtihani wetu. Tulioutunga ndio tuliokosea.

Sasa njooni Kenya magharibi. Mwaka 2003, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza utafiti katika shule 328 za msingi, wakawafuatilia wanafunzi kwa miaka saba. Katika baadhi ya shule, walimu walifunzwa mtaala wa serikali kuhusu Ukimwi, uliosisitiza kusubiri hadi ndoa. Mimba hazikupungua. Katika nyingine, watoto walipewa sare za shule bure, basi. Wasichana walioacha masomo wakapungua, mimba na ndoa za mapema zikapungua pia. Sare haikuwa na neno hata moja la afya ndani yake! Ni haki niseme pia kwamba sare peke yake haikupunguza magonjwa ya zinaa.

Kisha, mwaka 2004, katika shule 71 kati ya hizo, Dupas aliongeza kikao kimoja cha dakika 40 hivi kwa darasa la nane. Wanafunzi walitazama filamu fupi ya katuni, wakajadiliana, halafu takwimu za VVU zikaandikwa ubaoni kwa umri na jinsia. Wasichana wakajionea kwamba mwanamume mzima mwenye pesa zake ana uwezekano mkubwa wa kuwa na virusi kuliko mvulana wa rika lao. Mimba katika kundi hilo zikapungua kwa asilimia 28.

Ninavyoona mimi, siri ya kikao kile ni kwamba kilimpa binti habari aliyonyimwa. Ukimwambia kwamba kila tendo nje ya ndoa ni hatari ileile, umemficha kuwa mubaba anayemnunulia simu ni hatari kuliko wengine wote. Hiyo ni habari anayoweza kuitumia jioni hiyohiyo.

Je, tuchukue kikao kile tukilete hapa Noonkopir, Kitengela, kilivyo? Hapana. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,000 hivi hapa Kitengela. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 154,000. Wengi walifuata kazi Athi River, viwandani na kwenye vyerehani vya EPZ. Mama anatoka plotini kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia, na kati ya kengele ya mwisho ya shule na mlango kufunguliwa kuna saa tatu au nne ambazo hakuna mtaala unaozitaja. Hapo ndipo penye lifti ya boda, chipsi za bure, na jirani mwenye televisheni kubwa.

Kaunti hii hii ya Kajiado ina Magadi na Loitokitok, ambako binti wa umri uleule anaogopa kisu cha ukeketaji kilichopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na posa iliyokubaliwa bila yeye. Huko, kuzungumza kwanza na wazee na morani, kama Amref walivyofanya katika sherehe mbadala za kuvuka rika, ni busara. Huku plotini hakuna anayengoja sherehe. Ndiyo maana wastani haunipi usingizi. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kupata mimba. Samburu ilikuwa 50, Nyeri 5. Hakuna binti anayeishi ndani ya ile 15, wala hakuna anayeishi ndani ya wastani wa Kajiado.

Mkinikubalia kuandika dodoso la Noonkopir, nitafuta lile swali la njia tatu za maambukizi. Walimu wameshalifundisha, na majibu tunayo. Mahali pake, kwenye mstari wa kwanza, nitaandika: jana, baada ya shule, ulirudi nyumbani na nani, na nani alikuwa amefika kabla yako?