Maembe, Krismasi na Barabara ya Matiliku

Mwisho wa mwaka, kaunti ya Makueni nchini Kenya hupokea wageni wawili kwa pamoja: maembe na Krismasi. Katika soko kama Matiliku, malori yanayosubiri kupakia, matatu zilizojaa watu kutoka Nairobi, bodaboda na mama mwenye beseni la matunda hugombania ukingo mmoja wa barabara. Msimu ukipita, nafasi inabaki tele.

Ndiyo maana sioni haja ya kujenga stendi kubwa ya gharama. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kusimamia magari na maegesho. Basi kaunti ipange msimu: malori yapakie alfajiri, nje ya soko, kwenye uwanja uliokodishwa kwa miezi ya msimu tu, matatu zishushe abiria mahali pamoja, bodaboda wapewe kivuli chao. Na njia ya kwenda hospitali isizibwe hata kwa dakika moja, hili halina mjadala.

Wachuuzi waulizwe kwanza, kabla ya askari wa kaunti kutumwa. Wao ndio wanaojua lori husimama wapi, na kwa nini. Mazungumzo hayo yafanyike Oktoba, maembe yakiwa bado mabichi mtini.