Dada Waliotutangulia Toronto

Kamati yetu iliniomba niseme neno juu ya familia na uhamiaji, katika mwezi huu wa Februari ambao Kanada huadhimisha historia ya watu weusi. Nimeamua kuwazungumzia wanawake ambao si wa kwetu kwa ukoo wala kwa lugha, lakini walipita njia hii kabla yetu, na mengi tunayoyafaidi katika mji huu waliyagharamia wao. Ni dada wa visiwa vya Karibi.

Mwaka 1955 serikali ya Kanada ilikubaliana na Jamaika na Barbados kuleta wasichana wa kazi za ndani. Kabla ya hapo mtu mweusi kutoka visiwa hivyo alikuwa na nafasi ndogo mno ya kuingia. Sheria ya uhamiaji ya 1952 iliruhusu mtu akataliwe hata kwa madai kwamba hataiweza hali ya hewa ya huku. Mzee mmoja mzaliwa wa Barbados, Donald Moore, aliyekuwa na biashara ya kusafisha nguo hapa Toronto, aliongoza ujumbe hadi Ottawa Aprili 1954 kuidai haki ya kuingia usoni mwa waziri. Mlango ulipofunguliwa mwaka uliofuata, ulifunguliwa kwa wafanyakazi wa jikoni na wa kulea watoto wa watu.

Kundi la kwanza lilikuwa la wanawake 100: Wajamaika 75 na Wabarbados 25. Masharti yalikuwa haya: uwe kati ya miaka 18 na 35, uwe umefika angalau darasa la nane, upimwe afya, usiwe umeolewa, na usiwe na mtoto. Ukimaliza mwaka mmoja katika nyumba ya mwajiri, uko huru kutafuta kazi nyingine. Visiwa vingine vikaingizwa baadaye, na hadi mpango ulipofungwa mwaka 1967 walikuwa wamekuja wanawake wapatao 3,000.

Msidhani walikuwa watu wasiosoma. Wengi walikuwa walimu, makarani, wauguzi. Waliweka vyeti vyao kwenye sanduku wakashika ufagio, kwa sababu kwa wengi wao huo ndio mlango pekee ulioachwa wazi. Jean Augustine alikuwa mwalimu Grenada. Alifika mwaka 1960 kwa mpango huu, akalea watoto wa familia moja ya Toronto, kisha akarudi darasani kusomea ualimu wa hapa, akafundisha, akawa mwalimu mkuu. Mwaka 1993 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kanada. Hoja yake ndiyo iliyopitishwa Desemba 1995, na ndiyo maana leo mwezi huu wa Februari unatambuliwa nchi nzima. Binti zetu mnaoosha wazee katika nyumba za kutunzia wazee huku shahada zenu za Makerere na za Dar es Salaam ziko kabatini, jina hilo mlishike.

Sasa nije kwenye udugu wenyewe. Aliyetangulia hakukaa peke yake muda mrefu. Alicheza mchezo wa fedha na wenzake, ule ambao Wajamaika huuita pardner, na watu wa Trinidad na Grenada huuita susu, na sisi tunaujua vizuri kwa upatu, kwa kibati, kwa chama, na ndugu zetu wa Kongo kwa likelemba. Zamu yake ilipofika alipokea fungu, akalipa nauli ya mdogo wake. Mdogo mtu akafikia chumba kilekile cha kupanga, wakalala kitanda kimoja, naye akaanza kuchanga kwa ajili ya mwingine. Tangu 1967, Kanada ilipoleta mfumo wa pointi, aliyekuwa tayari ndani ya nchi aliweza kumpendekeza ndugu yake wa kuzaliwa, na undugu huo ukamlegezea masharti. Familia nzima ya watoto sita au saba ikahama kwa namna hiyo, dada kwa dada. Mwandishi Austin Clarke, Mbarbados aliyeishi hapa, alipoandika riwaya yake The Meeting Point mwaka 1967 kuhusu mfanyakazi wa ndani katika mtaa wa matajiri wa Forest Hill, alimpa mhusika wake dada anayemfuata kutoka kisiwani. Aliiandika habari aliyokuwa akiiona kila siku.

Lakini lipo sharti moja nililolitaja haraka, nalo ndilo hasa lililonisimamisha hapa: usiwe na mtoto.

Ndugu zangu, fikirini mwanamke wa miaka 26, Kingston au kijiji cha milimani, ana watoto wawili, na fomu mbele yake inamuuliza. Akiandika ukweli, safari imekufa, na ada ya shule ya watoto hao imekufa nayo. Akiandika hapana, atasafiri ili awalishe wale aliowakana. Wengi waliandika hapana. Watoto wakabaki kwa bibi, kwa mama mdogo, kwa jirani mwema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wanawake hawa waliubeba uchungu huo kimya, wakiwabembeleza watoto wa wenzao huku wao wenyewe hawawezi hata kuweka picha ya mtoto wao ukutani.

Miaka ikapita, wakapata makaratasi, wakalipa kodi, wakaomba sasa watoto wao waje. Hapo lile neno hapana likawarudia. Mwaka 1977 wanawake saba wa Kijamaika waliamriwa kuondoka Kanada kwa kosa la kutowataja watoto wao walipoomba kuja. Kosa lao liligunduliwa kwa sababu walitaka kuwa mama waziwazi. Jumuiya ya Wakaribi haikuwaacha. Wanawake waliandamana, vyama vya wafanyakazi vikaingia, makanisa yakaingia, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1979 serikali ikalegeza na wakaruhusiwa kuishi Kanada. Miaka miwili baadaye kanuni zikabadilishwa ili mfanyakazi wa ndani aweze kuomba ukaaji wa kudumu akiwa humuhumu nchini. Serikali ile ilifanya dhuluma. Huwezi kumwajiri mtu kwa sharti kwamba asiwe mzazi, kisha ukamwadhibu kwa kuwa mzazi.

Na watoto walioachwa? Huko Jamaika mtaalamu wa ustawi wa jamii Claudette Crawford-Brown aliwaita watoto wa mapipa, kwa sababu ya yale mapipa makubwa ambayo mama alikuwa akiyajaza mchele, sabuni, viatu na daftari na kuyatuma kwa meli. Pipa lilikuwa upendo wa kweli, na asije mtu akawadharau mama wale. Lakini mtoto aliyetumiwa viatu kila Krismasi alifika uwanja wa ndege wa Toronto akiwa na miaka 12, akapokelewa na mwanamke asiyemjua, mara nyingine na baba wa kambo na wadogo zake wanaosema Kiingereza cha hapa. Aliyemwita Mama maisha yake yote, bibi yake, amebaki ng'ambo. Shuleni akawekwa darasa la chini. Nyumbani akaambiwa hana shukrani. Mtoto huyo alikuwa na msiba, na hakuna aliyempa pole.

Nasema haya kama mtu aliyelelewa Tanga na mama mkubwa wakati mama yangu yuko Muscat kazini. Nilipokwenda kuishi na mama nilimsalimia kama mgeni, na hilo lilimuumiza. Mama mkubwa ndiye aliyetupatanisha, kwa simu, kwa uvumilivu, akinikumbusha nani alilipa ada. Dada mmoja alizaa, dada mmoja akalea, na hakuna kati yao aliyesema mtoto huyu ni wangu peke yangu. Bila dada wa pili, safari ya dada wa kwanza haiwezekani. Katika hadithi zetu za ughaibuni tunamsifu sana aliyepanda ndege na tunamsahau aliyebaki.

Haya si mambo ya zamani tu. Dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania walioko Saudia na Oman leo wanafanya kazi za ndani chini ya udhamini wa mwajiri, ambako hata baada ya miaka mingi kwa kawaida hakuna njia ya kumleta mtoto, sembuse mdogo mtu. Na hapahapa Kanada, sheria ya sasa inasema kwamba mwanafamilia ambaye hukumtaja na hakuchunguzwa wakati wa maombi yako, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye. Najua wamo humu ndani waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale ambao mbele ya afisa, kwa hofu, walimficha mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Wapo pia waliomwandika mtoto wa marehemu dada yao kama wa kumzaa, kwa sababu kwetu ndivyo alivyo, kisha kipimo cha vinasaba kikasema vingine. Siwalaumu. Mila yetu na fomu zao havikukutana.

Basi sikilizeni hili vizuri, hasa mlio na jamaa ambao faili zao bado ziko njiani. Waambieni wamtaje kila mtoto, awe wa ndani ya ndoa au wa nje, awe anaishi nao au ameachwa kwa bibi, hata kama hasafiri sasa. Mtoto wa marehemu aandikwe kama alivyo. Sheria inaruhusu kumdhamini mdogo wako au mtoto wa ndugu yako aliyefiwa na wazazi wote wawili, akiwa chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Mkimbizi aliyeletwa na serikali au na wafadhili, kama alimtaja mwenzi wake na watoto, ana mwaka mmoja tangu afike wa kuwaombea. Msiuache mwaka huo ukapita kwa kungoja pesa ya nauli. Na aliyekwisha kumficha mtoto asikate tamaa: Septemba 2019 serikali ilianzisha mpango wa majaribio kwa baadhi ya watu wa namna hiyo, nao umeongezwa muda zaidi ya mara moja. Aende kwa mwanasheria au mshauri mwenye leseni, asiende kwa mjuaji wa WhatsApp.

Na mkimpokea mtoto aliyelelewa na mwingine, mwachieni simu ya aliyemlea. Msimkataze kumwita Mama. Mpeni mwaka, mpeni miwili.

Naiomba kamati mambo mawili. La kwanza, kabla ya mwezi wa nne tuwe na kikao kimoja na mwanasheria wa uhamiaji, mlango ukifungwa, kila mtu aulize lake bila kuogopa kusemwa mtaani. La pili, wale mama wa Karibi walio wazee sasa, ambao baadhi yetu tunawatunza kazini, tuwaalike katika sherehe yetu ijayo, wakae meza ya mbele, watoto wetu wawaamkie.