Paka Anapotapika

Neno letu la leo ni TAPIKA. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni.

Huku kwetu Dodoma, mavuno yakiisha, mtama na uwele hutiwa ghalani, na panya hawakawii kufika. Ndiyo sababu nyumba nyingi hufuga paka. Mlinzi huyu hadai mshahara, lakini naye huugua.

Si kila kutapika ni ugonjwa. Paka hujilamba kutwa, akameza manyoya yake, nayo huwa donge tumboni. Siku moja hulitoa. Pengine amekula kwa pupa, au ametafuna majani. Ikiwa baada ya kutapika anatembea na kuomba chakula, usiwe na wasiwasi. Mpumzishe tumbo saa chache, kisha mpe kidogo kidogo nyama iliyochemshwa bila chumvi. Maji yawe karibu naye. Ukiona minyoo mirefu kama tambi, mwulize bwana mifugo dawa yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Wengi wetu tuna paka, na papo hapo tunatega sumu ya panya. Panya aliyekula sumu huweza kutoka akipepesuka, na paka humkamata bila taabu. Sumu iliyomo tumboni mwa panya humwingia paka. Iko sumu moja itumikayo sana, unga mweusimweusi uitwao zinki fosfaidi. Unga huo ukikutana na maji ya tumboni hutoa hewa ya sumu. Paka hutapika mara kwa mara, hutetemeka, hupumua kwa shida.

Hapo watu hukimbilia maziwa na mafuta. Msifanye hivyo! Mafuta huisaidia sumu hiyo kuingia mwilini. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike zaidi. Wala msimpe kidonge cha paracetamol. Kidonge kinachotuliza kichwa chako humwua paka.

Fungua madirisha, watoto watoke nje, maana matapishi yake nayo yaweza kutoa hewa ile ile. Usiyainamie kuyanusa. Mtie paka kikapuni, umpeleke upesi kwa bwana mifugo, na uchukue pakiti ya sumu. Soma jina lililoandikwa juu yake. Dawa atakayopewa hutegemea jina hilo.

Mpeleke pia akitapika damu, au akitapika kutwa nzima, au akikataa chakula siku nzima. Mvute ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili, uiachie. Ikichelewa kurudi, maji yamempungua mwilini. Mtoto wa paka usimngojee hata kidogo. Huishiwa maji upesi sana.

Swali la kuzungumza darasani: nyumbani kwako sumu ya panya imewekwa wapi, na paka hupita wapi usiku?