Jimbo Limekwenda, Kura Imebaki

Tarehe 5 Juni 2025 Warundi walipochagua wabunge, Bujumbura Vijijini haikuwamo tena katika majimbo ya uchaguzi. Humo ndimo watu wa Kabezi walimopigia kura mwaka 2005, 2010, 2015 na 2020, kwa kuwa kila mkoa ulikuwa jimbo. Mwaka 2015 tarafa za Muhuta na Bugarama zilitengwa, zikaunganishwa na Rumonge kuwa mkoa mpya. Kisha mikoa 18 ikafanywa 5, na Kabezi ikaingia katika mkoa mpana wa Bujumbura.

Mipaka huchorwa na kufutwa kwa sheria. Kura haifutwi kwa bunduki. Tarehe 29 Juni 1993 wananchi walichagua wabunge. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi walimwua Rais Melchior Ndadaye na Spika Pontien Karibwami. Vita vikafuata zaidi ya miaka kumi, na vilima vya Kabezi vikaonja moto wake.

Askari mwema haulizi sanduku limempa nani ushindi. Hulilinda lifike salama, kwani silaha aliyoishika ni amana ya wapiga kura.