Sheria ya Mtandaoni Inamlinda Nani?



Anayetaka kujua sheria inamthamini nani na asome adhabu zake. Sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandaoni, iliyopitishwa mwaka 2018, ilimwekea anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 23, ikamwekea anayechapisha kwa makusudi habari za uongo zinazozua taharuki, au zinazoweza kumharibia mtu sifa, faini ya hadi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10. Sitetei uongo. Ila msichana ambaye picha zake za utupu zimezungushwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka zikamfikia mama yake na mwajiri wake, naye ameharibiwa sifa. Kwa nini jeraha lake liwe jepesi hivyo?

Kifungu cha 27 ndicho kinachotaja unyanyasaji wenyewe, na adhabu yake ni kali: hadi milioni 20 au miaka 10. Maneno yake, hata hivyo, ni mapana mno. Yanagusa hata mawasiliano "yanayomwathiri mtu vibaya". Kiongozi aliyefichuliwa kwamba dawa za hospitali zimeuzwa kwa amri yake ameathirika vibaya pia, na ndivyo inavyopasa awe.

Uganda imetuonyesha mapana hayo huzaa nini. Mwezi Agosti 2019, Dakta Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alihukumiwa miezi 18 kwa kosa la unyanyasaji wa mtandaoni. Alikuwa ameandika kwenye Facebook shairi la matusi mazito dhidi ya Rais Museveni. Februari 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo, lakini mwanamke huyo alikuwa ameshakaa gerezani tangu Novemba 2018. Kosa lililotungwa kwa jina la wanyonge likawa ngao ya mtu mwenye jeshi, polisi na televisheni ya taifa.

Mahakama zetu zimejitahidi. Nchini Kenya, kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichoadhibu ujumbe wa kuudhi, kilifutwa mwaka 2016, na kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017. Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ilifuta kosa la "mawasiliano ya kuudhi" Januari 2023. Huko Arusha kwenye makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuna hukumu ya mwaka 2014, kesi ya Konaté dhidi ya Burkina Faso, ambayo kila askari wa upelelezi angepaswa kuisoma: mwenye cheo cha umma hana budi kuvumilia ukosoaji mkali kuliko raia wa kawaida.

Hapa natengana na baadhi ya wenzangu wanaharakati wanaosema basi tusiwe na mpaka wowote. Mwandishi wa habari wa kike anayetishiwa kubakwa na akaunti feki mia moja, namba yake ya simu na mtaa anaoishi vikaanikwa, hufunga ukurasa wake. Naye amenyang'anywa uhuru wa kusema, ingawa hakuna hakimu aliyetia saini amri yoyote. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililitambua hilo katika azimio lake la mwaka 2022 kuhusu ukatili wa kidijitali dhidi ya wanawake.

Kwa hiyo sheria iandikwe kwa kutaja vitendo: vitisho, kuandamwa mfululizo, kuanika makazi ya mtu, kusambaza picha za faragha. Neno "kuudhi" liondoke. Picha ishushwe haraka, maana aliyeumizwa anahitaji iondoke leo, kabla hata kesi haijatajwa. Na afisa wa polisi kwenye dawati la jinsia asimuulize kwanza kwa nini alipiga picha hiyo.

Wanafunzi wa sheria mlioko hapa, muswada mwingine utaletwa kwa wananchi watoe maoni. Msiishie kwenye dibaji. Someni adhabu, kisha mpeleke maoni yenu kwa maandishi kabla muda haujafungwa.