Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mwenyeji Ana Nini Mkononi?

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wabia wetu, Bujora, Kisesa)



Tunawashukuru wenyeji wetu wa Bujora kwa kutupokea. Mahali hapa ni pa ndugu zetu Wakatoliki, nasi tumepachagua kwa makusudi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alifika hapa katika miaka ya 1950. Hakuanza kwa kuwaita watalii. Alikusanya ngoma, vitu vya watemi na zana za wahunzi kwa sababu aliona vinapotea. Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Wageni walikuja kwa kuwa walikuta kitu kilichotunzwa. Hilo ndilo somo letu la leo.

Juhudi za Serikali tunaziona. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko-19, walishuka hadi 620,867. Mwaka 2024 walizidi milioni 2.1. Hapa kwetu Kisesa, mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria tamasha la utamaduni na machifu wakampa jina la Hangaya. Kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na njia ya kwenda Geita na Rubondo imekuwa nyepesi. Barabara ya Musoma inayopita hapa chini ndiyo inayofika lango la Ndabaka la Serengeti.

Hata hivyo, mjumbe mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulikwepa: "Magari ya watalii yanapita. Mbona kwetu linabaki vumbi tu?"

Ndugu wajumbe, mtalii haachi fedha barabarani. Anaacha pale anapokula, anapolala, anapoongozwa na anapoonyeshwa kitu. Hoteli ikinunua mayai na mchicha kutoka mbali, fedha ile inapita nasi tunaitazama. Hata ngoma zetu ziko hivyo. Mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana na watu hufurika. Sikukuu ikiisha, kijana aliyecheza bugobogobo anarudi nyumbani na jembe lake kungoja mwaka mwingine. Hiyo ni furaha kubwa, lakini bado si ajira.

TULIPOKOSEA SISI WENYEWE

Hatuwezi kuwanyooshea wengine kidole kabla ya kusema yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulipata fedha za kupanda miti kwenye vilima vya mawe vilivyobaki vitupu kwa sababu ya mkaa. Tuliwalipa vijana vibarua vya kuchimba mashimo. Tukagawa miche, tukapiga picha, na katika taarifa yetu kwa wafadhili tukaandika idadi ya miche iliyopandwa. Idadi ya miche iliyopona hatukuiandika, kwa sababu hatukurudi kuhesabu.

Tuliporudi kiangazi kikiwa kikali, tulikuta mashimo na viriba vilivyochanika. Mbuzi walikuwa wamemaliza kazi. Vijana wale, vibarua vilipokwisha, walikuwa wamerudi kwenye mkaa. Mama mmoja alituambia bila kuficha: "Ninyi mlileta miche, hamkuleta mlinzi. Mbuzi ni wa jirani yangu. Nimshitaki kwa sheria gani?"

Tulikosa la kumjibu.

MAJIRANI ZETU WA SHINYANGA

Jibu la mama yule lilikuwa karibu. Shinyanga ilikuwa imekauka kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni walitegemea sana bustani za miche, kama sisi, na mafanikio yakawa madogo. Ndipo wakageukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi.

Vijiji vilijiwekea sheria ndogo. Dagashida ikaamua, sungusungu wakasimamia. Mwaka 1986 zilijulikana hekta 600 hivi tu za ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Uchunguzi wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida yake ilifikia kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi: kuni, asali, dawa, malisho na nyasi za kuezekea. Hapo ndipo palipotoka kazi za warina asali, waezekaji na walinzi.

Si kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Wenye ng'ombe wengi walipata zaidi kuliko maskini. Nasi tukifuata njia hii, jambo hilo tuliangalie mapema.

TUNAYOOMBA

Kwanza, kwa kamati za sharika: msipokee mche kabla ya sheria. Nendeni kwenye halmashauri ya kijiji, jambo lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, kisha lipate kibali cha halmashauri ya wilaya. Eneo lijulikane, mlinzi ajulikane, faini ijulikane. Na maskini wa kijiji wawe na sehemu yao iliyoandikwa.

Pili, kwa vikundi vya akina mama na vijana: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini msikope kwanza ndipo mtafute mteja. Nendeni hotelini muulize wanahitaji mayai, mboga au asali kiasi gani kwa wiki, na kwa ubora gani. Mkipata mkataba, hata mdogo, ndipo mwombe mkopo.

Tatu, kwa wabia wetu: tunaomba mtuulize maswali magumu zaidi. Msituulize tu tumepanda miche mingapi. Mtuulize ni mingapi iliyo hai baada ya viangazi viwili, na nani anakula kutokana nayo. Tunaomba pia sehemu ya fedha iende kwenye ulinzi na ufuatiliaji, ingawa mlinzi aliyekaa chini ya mti hapendezi sana katika picha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Serikali inafanya kazi ya kumleta mgeni. Kazi ya mwenyeji ni yetu, nayo inaanza kabla mgeni hajabisha hodi.

Tutarudi kwa mama yule mwaka huu, safari hii na mwenyekiti wa kijiji, kabla ya miche.